Sara Aliposema Hakucheka

Nilipokabidhiwa rejista ya darasa la sita katika shule moja ya Hadado, Januari 2012, ilikuwa kama nimefunguliwa kitabu cha Mwanzo. Ibrahim walikuwa wawili. Alikuwapo Yakub, alikuwapo Yussuf, alikuwapo Ismail. Issack walikuwa watatu, na wa tatu alikuwa mvulana wa kukaa dirishani ambaye kila nikimwita aliitika akiwa ameshaanza kutabasamu, kana kwamba kuna mtu amemnong'oneza jambo. Mwalimu wa hisabati, mtu wa Bungoma niliyekaa naye ploti moja, naye alibatizwa Isaac. Jina hilo ni la Kiebrania na maana yake ni "anacheka". Kila asubuhi, basi, nilikiita kicheko mara tatu, nacho kikaniitikia: "Niko, mwalimu!"

Wakati huo sikuyawazia hayo. Nilikuwa kijana wa Machakos niliyelelewa katika kanisa ambalo mtoto akicheka ibadani huvutwa sikio akatolewa nje, nami niliamini kwamba mambo ya Mungu ni mambo ya uso mkavu. Hadado ndiko nilikofundishwa vingine.

Hadado iko Wajir Magharibi, katika wadi inayoitwa Hadado/Athibohol. Ukitoka Nairobi unapita Garissa, Modogashe na Habaswein, unafika Wajir, kisha unafuata machweo. Wenyeji wakisafiri kuja huku kwetu husema wanakwenda Kenya. Mgeni akilisikia neno hilo mara ya kwanza hucheka. Akikaa miezi miwili huacha kucheka, maana ameelewa. Ardhi ni tambarare na miti ni ya miiba. Asubuhi, baada ya adhana, kinachosikika kwanza ni injini ya kisima, kisha ngamia wanaolalamika wakipigishwa magoti wapakiwe mizigo. Mwaka wa kwanza kelele ile ilinikera. Sasa nikiisikia kwenye runinga husimama nilipo.

Sisi Wakristo tusio wenyeji tulikuwa wachache: walimu wanne, muuguzi wa zahanati, na mafundi wa ujenzi waliokuja na kuondoka. Hatukuwa na kanisa la kwenda. Mwanzoni tulisali mlango ukiwa wazi. Kisha tarehe 1 Julai 2012, Jumapili asubuhi, watu wenye bunduki na maguruneti walishambulia makanisa mawili ya Garissa, la AIC na kanisa kuu la Katoliki, wakaua watu zaidi ya 15. Viongozi wa Kiislamu walilaani kitendo hicho na kutangaza kwamba vijana wa Kiislamu wangesaidia kuyalinda makanisa. Habari ya mauaji ilitufikia siku hiyo hiyo. Habari ya vijana walinzi ilichelewa, na ilipofika hatukuiamini sana. Hofu ina mbio kuliko habari njema. Tukahamia chumba cha muuguzi, cha mwisho kabisa kwenye ploti, tukafunga dirisha, tukawa tunaimba kwa sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Hivyo ndivyo tulivyomwabudu Mungu kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Muuguzi alikuwa mama wa makamo kutoka Kitui, mkunga aliyewapokea watoto wengi kuliko alivyoweza kuhesabu. Jumapili moja ya mwaka 2013 zamu ya kusoma ilikuwa yake, na sura ilikuwa Mwanzo 18. Wageni watatu wanamkuta Ibrahimu mlangoni mwa hema, jua likiwa kali. Anakimbia kuwalaki. Anaagiza mikate, anachagua ndama, anawaandalia siagi na maziwa. Mama alisoma polepole mpaka pale mgeni anaposema kwamba Sara atazaa mtoto wa kiume, na Sara, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya mlango wa hema, anacheka moyoni mwake. Hapo akanyamaza. Tulidhani amepoteza mstari, kumbe alikuwa anamwona mtu.

"Hebu fikirini," alisema. "Huyu mama amekuja kliniki yangu Jumatatu. Nimechukua kadi mpya. Mama, una miaka mingapi? Tisini. Na hii ni mimba ya ngapi? Ya kwanza."

Aliweka kiganja mdomoni, lakini kicheko kilikuwa kimeshatoka. Mwalimu Isaac akakidaka. Nami nikajizuia, nikashindwa. Tulicheka mpaka machozi, watu wazima watano ndani ya chumba kimoja, Biblia ikiwa imefunguka juu ya kitanda. Kila mmoja alipotulia, mwingine alisema "ya kwanza" na mambo yakaanza upya. Tulikuwa hatujacheka pamoja kwa miezi mingi. Sikuwa nimetambua hivyo mpaka dakika ile.

Kisha mlango ukabishwa.

Ukimya ulioingia ndani ya kile chumba naweza kuusikia hata leo. Mwalimu Isaac aliifunika Biblia kwa mto, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, na ambalo baadaye lilimuumiza sana moyoni. Muuguzi ndiye aliyefungua. Aliyebisha alikuwa jirani yetu, muuza maziwa ya ngamia, mama ambaye watoto wa ploti walimwita Eddo, yaani shangazi, nasi tulimwita hivyo hivyo. Alisimama na mtungi wake wa plastiki mkononi.

"Daktari," alisema, maana kule kila anayetibu ni daktari, "leo kuna nini? Kila Jumapili nawasikia mnaimba kama watu waliojifunika blanketi. Leo mnacheka. Nimekuja kuuliza."

Kila Jumapili nawasikia. Zaidi ya mwaka mzima tulikuwa tumejificha kwa mtu aliyejua. Baadaye tulikuja kuambiwa kwamba alikuwa amewakataza watoto wake kuchezea mpira kwenye ukuta wa chumba kile saa zile, ili wasitusumbue.

Muuguzi alitutazama, akaamua kusema kweli. Alimwambia tunasoma habari za Sara mke wa Ibrahimu, jinsi alivyocheka alipoambiwa atazaa. Eddo akaweka mtungi chini. "Alicheka, ndiyo," alisema. "Alikuwa amesimama." Na hapo hapo mlangoni akatusimulia kama alivyofundishwa duksi akiwa mtoto: wageni walivyofika, Nabii Ibrahimu alivyowaletea ndama wa kuchoma, na alivyotazama akaona mikono yao haikifikii chakula, akaingiwa na hofu. Wakamwambia asiogope. Mkewe, aliyekuwa amesimama hapo, akacheka, ndipo akapewa bishara ya Is-haka. Alipomaliza alimgeukia mwalimu wa hisabati: "Mgeni akikataa chakula chako, mwalimu, wewe utalala usingizi?"

Muuguzi akamweleza habari ya kadi ya kliniki. Eddo alifikiri kidogo, akauliza kama kweli ni miaka tisini, kisha akacheka akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Akasema kwao ngamia mzee akizaa, hata watu wa mbali huja kutazama. Halafu akaingia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanywa chai. Alikuwa ametuuzia maziwa kwa karibu miaka miwili na hakuwahi kuvuka kizingiti kile.

Tangu siku hiyo nimelisoma simulizi hilo mara nyingi, katika vitabu vyote viwili, na kila mara nakuta jambo lile lile: hofu na kicheko vimelala hema moja. Katika sura ya Hud ndani ya Kurani, hofu inatangulia. Mwenyeji anawaogopa wageni, anatulizwa, na mke anacheka. Baadhi ya wafasiri wamesema kwamba alicheka kwa furaha ya kuona hofu imeondoka. Katika Mwanzo mpangilio umegeuka. Sara anacheka kwanza, kicheko cha mwanamke aliyeahidiwa mengi na kuona miaka ikipita. Mgeni anauliza kwa nini amecheka. Naye, kwa kuwa ameogopa, anakana. Anasema hakucheka. Na Mungu anamjibu kwamba la, amecheka.

Mahubiri niliyoyasikia utotoni juu ya sura hiyo yote yalimkemea Sara. Aliitwa mwenye shaka, aliitwa mfano mbaya, na sisi watoto tuliambiwa tusiwe kama yeye. Lakini tazama kinachofuata. Mungu haondoi ahadi. Hampigi kwa upele wala kwa upofu. Mwaka unapopita, mtoto anazaliwa na anapewa jina la kosa lenyewe, kama ni kosa: Anacheka. Na Sara, yule yule aliyekana, anasimama mchana kweupe akisema kwamba Mungu amemfanyia kicheko na kila atakayesikia atacheka pamoja naye. Ndani ya mwaka huo hakupewa elimu ya dini wala maono. Alichopata ni mtoto tumboni, na kidogo kidogo akaacha kumwogopa yule Mgeni. Naamini imani ni safari hiyo: kutoka kicheko kilichofichwa nyuma ya pazia mpaka kicheko kinachotoka mlangoni. Mtu hawezi kucheka kwa moyo wote mbele ya anayemwogopa. Anaweza kutabasamu, anaweza kuchekelea kama tunavyochekelea wakubwa wetu kazini. Kucheka kabisa, mpaka ukapoteza pumzi na kushika fremu ya mlango, ni kujiweka mikononi mwa uliye naye.

Hofu pale Hadado haikuwa yetu peke yetu. Hilo nililijua polepole, Eddo alipozoea kukaa. Februari 1984 alikuwa msichana mdogo. Tarehe 10 ya mwezi huo wanajeshi wa serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia na kuwapeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, katika eneo hilo hilo la Wajir Magharibi. Walivuliwa nguo, wakakalishwa juani siku kadhaa bila maji, wengine wakapigwa risasi, wengine wakachomwa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilitaja idadi inayokaribia 1,000. Mjomba wake Eddo hakurudi. Alituambia hayo akimimina maziwa, bila kuinua macho, na akaongeza kwamba mpaka siku hizo akiona sare ya jeshi mkono wake hutetemeka na maziwa humwagika. Sisi tulifunga dirisha kwa kuwaogopa watu waliofanana naye. Naye alikua akiwaogopa watu waliofanana na sisi, waliotoka Kenya na bunduki.

Lakini alikuwa na jina moja la Mkristo alilolitamka bila kusita: Annalena. Watu wa Wajir wa umri wake wanamjua. Annalena Tonelli, Mkatoliki wa Italia aliyefika Kenya mwaka 1969, alijitoa kuwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, wafugaji ambao walidhaniwa hawawezi kumaliza dawa kwa kuwa wanahama. Kwenye manyatta aliyoanzisha mwaka 1976 walikaa wakatibiwa wakapona. Wakati wa Wagalla alikwenda kukusanya majeruhi na maiti, akapaza sauti, na baadaye akalazimika kuondoka nchini. Aliuawa Borama, Somaliland, tarehe 5 Oktoba 2003. Sijui kama alikuwa mtu wa kucheka. Najua kwamba ni kwa sababu yake mama mmoja wa Hadado, miaka mingi baadaye, alisikia Wakristo wanacheka chumbani akaja kubisha badala ya kupita mbali.

Kuna hoja ya zamani kwamba Kristo hakucheka kamwe. Yohane Krisostomo, askofu wa Konstantinopoli aliyefariki mwaka 407, aliihubiri kwa nguvu: Injili zinamwonyesha akilia, na hakuna mahali zinapomwonyesha akicheka. Ni kweli kwamba hazisemi. Lakini yeyote anayeshikilia hoja hiyo ningemwomba akae Hadado mwezi mmoja, kisha asome sura ya 23 ya Mathayo. Yesu anawaambia wakubwa wa dini kwamba wao humchuja mbu na kummeza ngamia. Machakos nililisoma neno hilo kama nilivyosoma jedwali la kuzidisha. Ngamia kwangu alikuwa picha kwenye kitabu cha shule.

Hadado nilimwona Eddo akichuja maziwa. Alichukua kitambaa cheupe, akakifunga kwenye mdomo wa sufuria, akamimina polepole, na kila mdudu na kila unywele ulibaki juu. Alikuwa mwangalifu kupita kiasi. Aliinama, akatazama, akatoa kitu kidogo mno kwa ncha ya kucha. Nyuma yake, hatua kama kumi hivi, alisimama ngamia jike mwenyewe: magoti yenye sugu kama soli za viatu vya tairi, shingo ya kupanda na kushuka, nundu, mdomo unaotafuna pembeni, na shingoni kengele ya mti ikigonga. Nikamwona mtu mmoja mwenye kanzu safi anachuja kikombe chake kwa kitambaa, anatoa mbu kwa kucha, anamshukuru Mungu kwa usafi wake, kisha anakibugia kile kiumbe chote, miguu, nundu, kengele na kamba. Ilibidi niketi. Aliyelisema neno hilo mbele ya watu waliowajua ngamia alijua watacheka. Hakuna anayetengeneza sentensi kama hiyo kwa bahati.

Siku nyingine tulimsomea Eddo maneno ya Yesu juu ya ngamia na tundu la sindano. Akasema hayo yamo kwao pia, na ni kweli, yamo katika sura ya Al-A'raf. Kisha akachukua sindano aliyokuwa akishonea gunia, akaiinua usawa wa jicho, akamtazama ngamia wake kupitia tundu lile kwa muda mrefu, jicho moja limefumba. Mwishoni akatikisa kichwa, akarudi kwenye gunia. Mwalimu Isaac alicheka mpaka akatoka nje.

Sisemi kila kicheko ni cha heri. Watu wa Kagera wanakumbuka Januari 1962, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni pale Kashasha, karibu na Bukoba, walipoanza kucheka bila kuweza kuacha. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95. Shule ikafungwa Machi, na wasichana wakakipeleka kicheko makwao, mpaka kijiji cha Nshamba na kwingineko. Madaktari hawakuona sumu wala virusi. Waliochunguza baadaye walizungumzia dhiki ya watoto waliobanwa kuliko walivyoweza kubeba. Wale wasichana walicheka huku wakilia, na hakuna aliyefurahi. Mwili nao una hofu yake, nayo ikiwa nyingi hufungua mlango usio wake.

Kipo pia kicheko cha kukata watu. Biblia yenyewe haikukificha. Katika sura ya 21 ya Mwanzo, baada tu ya Sara kucheka kwa furaha, anamwona Ishmaeli mwana wa Hajiri anacheka, na neno la Kiebrania ni la mzizi ule ule wa jina la Isaka. Wafasiri wetu wengi wameelewa kwamba alikuwa akidhihaki. Kwa kicheko hicho kimoja, mama na mtoto wanafukuzwa jangwani na kiriba cha maji, na maji yanakwisha. Nilipofundisha darasa lenye Issack watatu na Ismail mmoja, sura hiyo ilinikaa kooni. Maana baada ya kila shambulio nilirudi likizo na kukuta Nairobi inacheka. Kondakta wa matatu anamwona abiria wa Kisomali na mkoba, anapiga kelele kwamba watu washuke kabla haujalipuka, na gari zima linacheka. Nimewasikia wahubiri wakiigiza lafudhi ya Kisomali madhabahuni ili waumini wacheke, na wakacheka. Yule mvulana wa dirishani, Issack wa tatu, ana miaka zaidi ya 20 sasa. Huenda alikuwa ndani ya matatu kama hiyo. Kicheko cha namna hiyo ni hofu iliyovaa nguo nyingine, na mahali pake si kanisani.

Niliondoka Hadado Desemba 2014. Tarehe 22 Novemba mwaka huo basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi lilitekwa, na abiria 28 wakauawa baada ya kutengwa kwa dini yao. Wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani kwa likizo, watu kama sisi, wenye mabegi kama yetu. Januari iliyofuata walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi Kaskazini Mashariki, nami nilikuwa miongoni mwao. Siku ya kuondoka, Eddo alitufungia nyirinyiri ya nyama ya ngamia kwa safari. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

Kisha ikaja tarehe 2 Aprili 2015. Ilikuwa Alhamisi Kuu. Alfajiri, wanafunzi Wakristo wa Chuo Kikuu cha Garissa walikuwa wamekusanyika kusali walipovamiwa, na mpaka jioni watu 148 walikuwa wamekufa. Jumapili ya Pasaka nilikwenda kanisani Machakos. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba zamani, huko Bavaria, makasisi walikuwa na desturi ya kuwachekesha waumini katika mahubiri ya Pasaka, kumcheka shetani aliyeshindwa na kaburi lililobaki tupu, mpaka mwanamageuzi Oecolampadius akaandika mwaka 1518 kuilaumu desturi hiyo. Siku ile nilielewa kwamba kuna Pasaka ambazo mtu hawezi kucheka, na Mungu hamdai. Mchungaji aliyesimama alisoma majina, akashindwa kumaliza, akaketi. Yalikuwa mahubiri ya kweli kuliko yote niliyoyasikia mwaka huo.

Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo, karibu na El Wak, basi jingine likasimamishwa likielekea Mandera. Wenye bunduki waliwataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Wanawake walikuwa wamewapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakasema kama ni kuua, wauawe wote. Salah Farah, naibu mwalimu mkuu, alipigwa risasi na akafariki Nairobi Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyotengenezwa kutokana na kisa hicho mwaka 2017, ilifika hadi kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Mimi niliposikia habari zile nilimfikiria Eddo na ukuta wake na mpira wa watoto. Hijabu zile hazikutokea hewani siku ile. Kabla ya saa kama hizo watu wanakuwa wameshakula pamoja, wameuziana maziwa na kuchekeana makosa.

Sasa nina ombi kwa wahubiri wa kwetu. Mkiifikia Mwanzo 18, msimkemee Sara. Someni taratibu, na mtu akicheka kwenye benchi la nyuma mwacheni acheke. Mtoto akicheka, msimtoe nje. Na mkifika sura ya 21 msiishie pale Hajiri anapofukuzwa. Endeleeni mpaka kisima kinapoonekana jangwani, na waelezeni watu kwamba jina Ishmaeli maana yake ni "Mungu anasikia". Halafu fungueni sura ya 25, ambayo hatuisomi kanisani kwetu. Ibrahimu amekufa akiwa mzee wa miaka 175, na waliomzika, katika pango la Makpela, ni wanawe wawili, Isaka na Ishmaeli, pamoja.